Mchoro, Karatasi na Nyumba

Mtu anayejenga nyumba huijenga mara mbili kabla fundi hajachimba msingi. Mara ya kwanza huijenga katika fikira zake, na mara ya pili huijenga kwa mistari juu ya karatasi. Lakini katika historia ya ujenzi iko nyumba nyingine ndogo, isiyokaliwa na mtu wala kunyeshewa na mvua, ambayo husimama kati ya mchoro na jengo lenyewe. Nyumba hiyo huitwa mfano. Aghalabu hutengenezwa kwa mbao, kwa udongo, kwa plasta au kwa karatasi. Hukaa juu ya meza siku chache, hutazamwa, husahihishwa, na mara nyingi hutupwa kazi yake ikiisha. Watu husifu majengo makubwa ya dunia bila ya kukumbuka kwamba mengi yao yalipata kuwa madogo kiasi cha kuchukuliwa mikononi kama sinia. Insha hii, msomaji, ni habari ya nyumba hiyo ndogo, na hasa ya ile inayotokana na picha ya mistari na rangi, ikakatwa na kukunjwa mpaka ikasimama.

Yafaa kwanza tuulize: kwa nini mchoro peke yake hautoshi? Chukua kalamu uchore darasa lako kama linavyoonekana na ndege anayepita juu yake. Utapata mstatili, na ndani yake alama za mlango na madirisha. Mgeni akiutazama mchoro huo atajua upana na urefu wa chumba, lakini hatajua kama dari liko juu au chini, wala kama jua la asubuhi huwapiga wanafunzi machoni. Zaidi ya hayo, mchoro waweza kudanganya bila ya mchoraji kukusudia. Ngazi yaweza kuchorwa vizuri kabisa, na mtu akiipanda katika jengo lenyewe akapiga kichwa kwenye boriti. Dirisha laweza kuchorwa mahali ambapo nguzo haina budi kusimama. Karatasi iliyolala huvumilia makosa hayo yote. Karatasi iliyosimamishwa haivumilii hata moja.

Jambo hili lilijulikana zamani. Katika mji wa Florence, nchini Italia, watu walikuwa wamejenga kanisa kuu ambalo halikuwa na paa juu ya sehemu yake ya katikati. Palibaki tundu lenye pembe nane, ambalo upana wake ulizidi mita 40, na hapana fundi aliyejua namna ya kulifunika. Desturi ya wakati ule ilikuwa kusimamisha jukwaa kubwa la miti chini ya kuba mpaka matofali yashikane. Kwa tundu kubwa kama lile, miti ya kutosha ilikuwa shida kupatikana. Katika mwaka wa 1418 wasimamizi wa kanisa walitangaza shindano, wakawaalika mafundi walete mifano yao. Filippo Brunelleschi, aliyekuwa sonara kwa ufundi wake wa kwanza, alidai kwamba kuba laweza kujengwa bila ya jukwaa la namna hiyo. Wengi hawakumsadiki. Basi hakujibu kwa maneno matupu. Alijenga kuba dogo la matofali, lisilo na jukwaa ndani yake, nalo likasimama mbele ya macho yao. Kazi ya kuba kubwa ilianza mwaka wa 1420 na ikamalizika mwaka wa 1436, na kuba hilo liko hata leo.

Walakini mfano nao una hatari zake. Leon Battista Alberti, mwanachuoni aliyeandika kitabu mashuhuri juu ya ujenzi katikati ya karne ya 15, aliwaonya wajenzi wasitengeneze mifano iliyopambwa na kupakwa rangi za kuvutia. Alitaka mifano iwe mitupu na ya kawaida, ili watu wapime akili ya aliyebuni na si mkono wa aliyechonga. Onyo lake lilikuwa la maana. Karibu na miaka mia baadaye, Antonio da Sangallo alisimamia mfano wa mbao wa Kanisa la Mtakatifu Petro huko Roma. Mfano huo ulianzwa mwaka wa 1539 ukachukua miaka saba, na urefu wake ulipita mita 7. Sangallo alikufa mwaka wa 1546, na Michelangelo aliyepewa kazi baada yake aliuona mpango ule kuwa umejaa giza na mapambo yasiyo na faida, akauweka kando. Mbao, fedha na miaka yote ile ilikwenda kwa mfano ambao jengo lake halikupata kujengwa kama ulivyokuwa. Mfano wa gharama kubwa humtia mtu haya ya kuubadili. Hapo ndipo ilipo fadhila ya karatasi: ni kitu rahisi, na mtu haoni uchungu kuichana.

Sasa tuvuke karne nyingi, tufike mwanzoni mwa karne ya 20, maana hapo ndipo picha ya mistari na nyumba ya karatasi zilipokutana kwa namna isiyopata kuonekana kabla yake. Wakati huo wachoraji kadha wa Ulaya waliacha kuchora watu, miti na wanyama. Walisema kwamba mstari, umbo na rangi vina nguvu zao wenyewe, hata visipofanana na kitu chochote cha duniani. Katika Urusi, Kazimir Malevich alionyesha mwaka wa 1915 picha ya mraba mweusi juu ya uwanja mweupe. Katika Uholanzi, Theo van Doesburg alianzisha mwaka wa 1917 gazeti lililoitwa De Stijl, maana yake Mtindo, na Piet Mondrian alikuwa miongoni mwa walioandika ndani yake tangu mwanzo. Baada ya miaka michache picha za Mondrian zilikuwa zimebakiwa na mistari myeusi iliyosimama na iliyolala, na kati yake mistatili ya rangi nyekundu, samawati na manjano, pamoja na nyeupe na kijivu.

Huenda ukasema, msomaji, kwamba picha kama hizo ni mchezo wa watoto. Watu wengi walisema hivyo, na wengine walicheka. Lakini itazame picha ya namna hiyo kama mjenzi anavyoitazama. Mstatili mwekundu waweza kuwa ukuta. Mstari mweusi waweza kuwa boriti. Uwanja mweupe waweza kuwa nafasi ambayo mtu hupita. Ukianza kuuliza maswali haya, picha huacha kuwa pambo la ukutani, huwa mpango wa nyumba ambayo bado haijainuka. Mrusi mwingine, El Lissitzky, aliziita kazi zake za namna hii Proun, akazieleza kuwa ni kituo cha kubadilishia safari kati ya uchoraji na ujenzi. Mwaka wa 1923, katika maonyesho ya Berlin, alichukua maumbo ya picha zake akayatandaza katika kuta za chumba kizima, mtu akaweza kuingia ndani ya picha kwa miguu yake.

Mwaka huo huo wa 1923 yalifanyika maonyesho mengine mjini Paris, katika nyumba ya sanaa ya mfanyi biashara aitwaye Léonce Rosenberg. Van Doesburg alikuwa ameungana na kijana msanifu wa majengo, Cornelis van Eesteren, aliyekuwa na umri wa miaka 26. Pamoja walileta michoro na mifano ya nyumba tatu: nyumba ya Rosenberg mwenyewe, nyumba ya mtu binafsi, na nyumba ya msanii. Hapana hata moja kati ya hizo tatu iliyopata kujengwa. Hata hivyo wanafunzi wa usanifu husoma habari zake mpaka leo, na sababu yake ni namna zilivyobuniwa.

Ili uelewe namna hiyo, yakupasa ujue aina ya mchoro waliyoitumia. Mchoraji wa mandhari huchora vitu vya mbali kuwa vidogo na vya karibu kuwa vikubwa, kama jicho linavyoona. Reli mbili hukaribiana kwa mbali mpaka zikaonekana kuwa moja. Mchoro huo ni mzuri kwa macho, lakini fundi hawezi kuupima kwa rula, maana ukuta wa mbele na ukuta wa nyuma, ingawa ni sawa, vipimo vyake karatasini si sawa. Van Doesburg na van Eesteren walitumia mchoro wa aksonometria. Katika mchoro huu mistari iliyo sambamba hubaki sambamba daima, na kitu cha mbali hakipungui. Huchukuliwa ramani ya chini ya nyumba, ikageuzwa kidogo upande, kisha kila pembe yake ikapandishwa mstari wa wima kwa kipimo kile kile. Mtu huiona nyumba kama kwamba anaelea juu yake, na papo hapo aweza kuipima kila upande kwa rula.

Van Doesburg aliendelea mbele zaidi. Aliichora nyumba ile ile, lakini akaiondolea milango, madirisha na kila kitu kidogo, akabakiza mabapa tu: mabapa yaliyosimama na mabapa yaliyolala, yakielea hewani bila ya kufungana kuwa sanduku, kila moja na rangi yake. Ni vigumu kuitazama michoro hiyo usikumbuke vipande vya karatasi ngumu vilivyosimamishwa juu ya meza. Hapo palikuwa na fikira mpya. Tangu zamani katika nchi nyingi nyumba ilifahamika kuwa sanduku lenye matundu ya mlango na madirisha. Sasa nyumba ilianza kufahamika kuwa mabapa yanayopishana, na nafasi ya ndani na ya nje ikapita kati yake kama upepo upitavyo kati ya majani ya mgomba.

Miongoni mwa waliofanya kazi kwa ajili ya maonyesho yale alikuwako seremala wa mji wa Utrecht aitwaye Gerrit Rietveld, ambaye ndiye aliyetengeneza mfano wa nyumba ya Rosenberg. Mtu huyu anastahili kukumbukwa na kila mwanafunzi anayependa kazi ya mikono. Alizaliwa mwaka wa 1888, mtoto wa seremala, akaingia katika karakana ya baba yake angali mtoto. Mwaka wa 1917 alifungua karakana yake mwenyewe, na muda mfupi baadaye alitengeneza kiti kisichofanana na viti vya watu. Kilikuwa na ubao mmoja wa kukalia na ubao mmoja wa kuegemea, vimeshikwa na vijiti vya mraba ambavyo havikuishia vilipokutana, bali vilipitana. Baadaye kilipakwa rangi nyekundu, samawati, manjano na nyeusi. Kiti hicho kilikuwa tayari ni nyumba ndogo ya mabapa, ila mwenyewe alikuwa bado hajajenga nyumba ya watu.

Bahati hiyo aliipata kwa mwanamke aliyeitwa Truus Schröder. Rietveld alikwisha kumtengenezea chumba kimoja mwaka wa 1921. Mume wake, aliyekuwa wakili, alikufa mwaka wa 1923 akamwachia watoto watatu. Mama huyu hakuridhika na nyumba za kitajiri za wakati ule, zenye vyumba vikubwa vya wageni na watoto waliotengwa mbali na wazazi. Alitaka kukaa karibu na watoto wake, wasikie mazungumzo ya watu wazima na kukua katika fikira zao. Basi haja yake haikuwa pambo. Alikuwa mjane aliyetafuta namna mpya ya kulea watoto, na alitaka kuta za nyumba zimsaidie katika kazi hiyo.

Ukumbuke, msomaji, kwamba jibu halikupatikana mara moja. Mfano wa kwanza alioutengeneza Rietveld ulikuwa bado ni bonge lililofungwa, sanduku lenye rangi na matundu. Michoro na mfano mwingine ikafuata, na safari hii bonge likapasuka. Kuta zikawa mabapa meupe na ya kijivu yanayopishana, roshani zikatokeza nje, na vijiti vyembamba vya rangi vikapita mbele yake kama mistari ya picha. Kwa orofa ya juu Rietveld alikuwa amechora vyumba vilivyogawanywa kwa kuta. Bibi Schröder aliuliza kama kuta hizo nazo haziwezi kuondolewa. Rietveld alilipokea swali hilo kwa furaha, akabuni kuta nyepesi za kusukumwa: mchana orofa nzima yaweza kuwa ukumbi mmoja, na usiku kila mtoto akavuta ukuta wake na kupata chumba. Hapo utaona kwamba mfano na mchoro si vitu vya kumwonyesha mwenye nyumba ili asifu tu. Ni vitu vya kumpa nafasi ya kuuliza. Kwa miaka mingi vitabu vilimtaja Rietveld peke yake. Siku hizi wenye kuandika historia hukiri kwamba mama huyo alikuwa mshirika katika kubuni nyumba hiyo, wala hakuwa mlipaji wa gharama tu.

Ilikuwako pia sheria ya mji. Kanuni za ujenzi hazikuruhusu orofa iliyo wazi namna ile, kwa hiyo katika ramani zilizopelekwa kwa wakuu wa mji orofa ya juu iliandikwa kuwa ni dari la kuwekea vitu. Nyumba ilijengwa mwaka wa 1924, mwishoni mwa safu ya nyumba za matofali za kawaida. Jambo moja ndani yake hushangaza kila mgeni. Katika pembe ya orofa ya juu madirisha mawili hukutana bila ya nguzo kati yake. Yakifunguliwa, pembe yote ya nyumba hutoweka, na aliyeketi ndani hujiona kuwa nje.

Lakini tusiifanye historia kuwa hadithi tamu isiyo na ukweli. Mtu akiiona nyumba ile husadiki kwamba imejengwa kwa mabapa ya saruji, maana ndivyo inavyoonekana. Saruji ilipimwa gharama ikaonekana kuwa ghali mno. Basi msingi na roshani zilijengwa kwa saruji na vyuma, na kuta nyingi zilijengwa kwa matofali, zikapigwa plasta na kupakwa rangi. Ukuta wa karatasi una uzito mdogo na unene mdogo. Ukuta wa nyumba una uzito, nao hubeba sakafu na paa. Mafundi walilazimika kutafuta njia ya kuufanya mzigo mzito uonekane mwepesi kama karatasi. Mfano huonyesha umbo, mwanga na nafasi, hauonyeshi uzito. Mwanafunzi anayesahau tofauti hiyo atakuja kujenga nyumba itakayomwangukia mtu.

Fadhila ya karatasi yenyewe ilifundishwa vizuri na mwalimu Josef Albers katika chuo cha Bauhaus, kilichoanzishwa mwaka wa 1919 mjini Weimar, Ujerumani, na kuhamia Dessau mwaka wa 1925. Mwanafunzi wake mmoja alisimulia kwamba siku moja mwalimu aliingia darasani na furushi la magazeti, akawagawia wanafunzi, akawaambia watengeneze kitu ambacho kingeheshimu tabia ya karatasi. Kisha akatoka. Aliporudi alikuta majumba, mashua, ndege na wanyama. Akasema kwamba vitu hivyo vingefaa zaidi kutengenezwa kwa vifaa vingine. Kisha akaonyesha kazi ya mwanafunzi mmoja ambayo wenzake hawakuijali. Kijana huyo alikuwa ameikunja tu karatasi kwa urefu, akaisimamisha kama mbawa. Mwalimu akawaeleza kwamba karatasi ikilala ni laini na dhaifu, lakini ikikunjwa hupata ugumu, hata ikasimama juu ya ukingo wake mwembamba. Katika mkunjo ule mmoja yamo mafunzo mengi ya ujenzi. Bati la nyumba zetu limekunjwa mawimbi kwa sababu hiyo hiyo: bati bapa la unene ule ule lingejipinda kwa uzito wake.

Sasa yakupasa ujaribu mwenyewe, kwa kuwa historia ya kazi ya mikono haifahamiki kwa kusoma tu. Chora kwanza picha ya mistari iliyosimama na iliyolala katika karatasi yenye urefu wa sentimita 12 na upana wa sentimita 9. Usichore nyumba, chora mistatili michache, mikubwa na midogo, mpaka ikae kwa mizani nzuri. Kisha weka kipimo: sentimita 1 iwe badala ya mita 1. Picha yako sasa ni kiwanja cha mita 12 kwa mita 9, ambacho chatosha nyumba ya watu wachache. Halafu kiulize kila kipande kazi yake. Wewe ni ukuta, ni sakafu, ni paa, ni ua, au ni njia? Kipande kisichoweza kujibu kifute. Kwa kufanya hivyo utagundua kwamba mistari mingine uliyoipenda haikuwa na kazi, na mingine uliyoidharau ndiyo inayoshika nyumba.

Baada ya hapo kata kuta katika karatasi ngumu. Ukuta wa mita 3 uwe na kimo cha sentimita 3. Acha chini ya kila ukuta ukingo mdogo wa kukunjwa na kupakwa gundi. Karatasi ya kiwandani ina nyuzi zilizoelekea upande mmoja, nayo hukunjika kwa urahisi kwa kufuata nyuzi na kwa ukaidi kwa kuzikata. Basi ipinde kidogo kwa mkono pande zote mbili ujue tabia yake kabla ya kukata. Palipo na mkunjo, pitisha kwanza ncha isiyo kali kando ya rula, ili mkunjo unyoke. Kuta mbili zikihitaji kupitana, kama vijiti vya kiti cha Rietveld, kata ufa katika ukuta mmoja kuanzia juu mpaka nusu, na katika mwingine kuanzia chini mpaka nusu, kisha uvishe mmoja ndani ya mwingine. Zitashikana bila ya gundi.

Kisha kata mtu wa karatasi mwenye kimo cha sentimita 1 na nusu, au zaidi kidogo, umsimamishe mlangoni. Mtu huyo mdogo ni hakimu mkali. Atakuonyesha kwamba mlango wako ni mwembamba, kwamba dari lako linambana, kwamba ukumbi uliouona mzuri karatasini ni mkubwa kama uwanja wa soko. Mwisho chukua nyumba yako nje wakati wa jua. Iweke kwa kufuata kaskazini na kusini, uitazame asubuhi, adhuhuri na jioni. Sisi wa Kenya tunakaa pande mbili za ikweta. Jua letu hupita upande wa kaskazini wakati wa Juni na upande wa kusini wakati wa Desemba, na kuta za mashariki na magharibi ndizo zinazopata joto kali la asubuhi na la alasiri. Nyumba ya Utrecht ilibuniwa kwa watu wanaolitamani jua. Paa lako huenda likahitaji kutokeza nje zaidi, na madirisha yako kuwa madogo upande wa magharibi. Ukiiga umbo la wageni bila ya kulipima kwa jua la kwenu, utakuwa umenakili picha, hujabuni nyumba.

Ukiona kosa, usisikitike. Wahenga walisema: Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa karatasi huzibwa kwa dakika moja na kipande cha gundi, lakini ukuta wa mawe ukibomolewa hula fedha za mwenye nyumba na wakati wa mafundi, na pengine maisha ya mtu. Kuchana karatasi yako mara tano ni uangalifu kwa watu ambao watalala chini ya paa lako siku moja.

Yaliyowapata watu na vitu tuliyovitaja yatufundishe pia. Chuo cha Bauhaus kilifungwa mwaka wa 1933 wakati wa utawala wa Wanazi, na Albers akaenda Marekani, akaendelea kufundisha huko. Van Doesburg alikufa mwaka wa 1931, hajajenga nyumba yoyote kati ya zile tatu za Paris. Mfano wa nyumba ya msanii ulipotea, ukabaki katika picha za kamera na katika michoro. Waliokuja nyuma waliutengeneza tena kwa kuzipima picha hizo. Rietveld alikufa mwaka wa 1964. Katika miaka hiyo ya 1960 barabara kubwa ya magari ilipitishwa mbele ya nyumba ile, ikaziba mandhari ya mashamba ambayo madirisha yake yalifunguliwa kuyatazama. Bibi Schröder alikaa ndani yake mpaka alipofariki mwaka wa 1985, baada ya kuishi humo kwa miaka sitini. Mwaka wa 2000 nyumba hiyo iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Basi, msomaji, fikiri juu ya vitu hivi viwili. Van Doesburg na mwenzake walikuwa na michoro mizuri ajabu, ikaishia kuwa michoro. Seremala wa Utrecht na mjane mwenye watoto watatu walikuwa na kiwanja kidogo mwisho wa barabara, fedha za kiasi, na mfano wa kwanza ambao haukuwaridhisha. Walichokuwa nacho zaidi ni haja ya kweli na subira ya kuuvunja mfano ule wakatengeneza mwingine. Ukichukua kesho kipande cha karatasi ngumu, mkasi na rula, anza na haja ya mtu unayemjua: nyanya asiyeweza kupanda ngazi, au ndugu wanne wanaosoma chini ya taa moja. Chora, kata, simamisha, kisha umwite aitazame. Na akiuliza kama ukuta huu au ule hauwezi kuondolewa, usikasirike. Chukua mkasi ujaribu.